Bestanden, si gebestanden: Kijerumani kinavyowaangusha vijana wetu kwa silabi moja

Simu ililia baada ya sala ya Isha. Nilipoona ni mpwa wangu wa Nyeri nikajua kuna jambo, maana watoto wa siku hizi hawapigi simu, wanaandika.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Baridi ya huko inasemaje?"

"Baridi tumeizoea, mjomba. Nimeanguka sehemu ya kuandika. Hizo nyengine tatu nimepita."

Mama yake ni dada yangu, aliyeolewa Nyeri, mtaa wa Majengo, akahamia huko na sahani zake na udi wake. Mtoto amezaliwa huko na amekulia huko. Nyumbani ni Kiswahili, sokoni ni Kikuyu, shuleni ni Kiingereza, na sasa anatafuta lugha ya nne kwa sababu anataka kwenda Ujerumani kusomea uuguzi. Mtihani wake ulikuwa wa kiwango cha B1. Wanaoujua mtihani huo wa Goethe wanafahamu kwamba una sehemu nne: kusoma, kusikiliza, kuandika na kuzungumza. Kila sehemu ina alama 100 na mtu hupita akipata 60. Ukianguka moja, unairudia hiyo moja. Lakini kurudia ni ada nyingine, nauli nyingine ya Nairobi, na miezi mingine ya kungoja.

Nikamwambia anitumie barua alizokuwa akiandika kwa mazoezi. Mimi Kijerumani nilikiokota kwa wageni huko Diani, nilipokuwa napokea watalii hotelini, kisha nikakaa darasani nikakinyoosha. Nilisoma barua zake tatu. Maneno anayajua. Mpangilio wa sentensi si mbaya. Lakini ugonjwa ulikuwa mmoja, unarudi kila mstari wa pili: *geverstanden*, *geaufsteht*, *getelefoniert*. Na mwisho wa barua moja, akimsimulia rafiki wa kubuni jinsi alivyofaulu A2, ameandika: *Ich habe die Prüfung gebestanden*. Yaani sentensi ya kusema "nimefaulu mtihani" ndiyo hiyo yenye kosa.

Nimeona niandike hapa badala ya kumweleza yeye peke yake, kwa kuwa najua yuko pia binti wa Kisauni, kijana wa Lamu na mwengine wa Malindi wanaoumwa na kidudu hicho hicho.

Kwa nini jambo hili ni letu

Tarehe 13 Septemba 2024, Kenya na Ujerumani zilitia saini mjini Berlin mkataba wa ushirikiano kuhusu uhamiaji na ajira. Tangu hapo, kila mtaa una mtu anayesomea Kijerumani au anayejua mtu anayesomea. Lakini mkataba haumpi mtu kazi. Unafungua mlango, na mlangoni pamesimama lugha. Kwa kawaida, anayekwenda kwa mafunzo ya kazi yanayoitwa *Ausbildung* huulizwa B1, na muuguzi aliyekwisha soma huku kwetu hutakiwa B2 ndipo cheti chake kitambuliwe.

Na lugha hii si mgeni kabisa kwetu. Johann Ludwig Krapf, Mjerumani, alifika Mombasa mwaka 1844, akajifunza Kiswahili kwa wazee wetu, na mwaka 1850 sarufi yake ya Kiswahili ikachapishwa Tübingen. Ni huyo huyo ambaye mwezi Disemba 1849, akiwa Ukambani, aliuona Mlima Kenya, mlima ambao mpwa wangu huuona asubuhi mawingu yakiondoka. Kwa upande wetu, neno *shule* tumelichukua kwa Wajerumani, na *hela* pia. Krapf aliweza kufungua vifundo vya sarufi yetu, sisi tutashindwaje na vyao?

Umbo la kazi iliyokwisha

Mjerumani akisimulia jambo lililopita, mara nyingi hutumia vitenzi viwili. Cha kwanza ni msaidizi, *haben* au *sein*. Cha pili hukaa mwisho wa sentensi kikiwa katika umbo wanaloliita Partizip II. Mimi nitaliita umbo timilifu, kwa kuwa linafanya kazi inayokaribiana na *-me-* yetu ya "amesoma, amekwenda".

Kanuni ya msingi ni nyepesi. Chukua mzizi, utie *ge-* mbele na *-t* nyuma:

*lernen*, kujifunza: *gelernt*
*kaufen*, kununua: *gekauft*
*machen*, kufanya: *gemacht*

Vitenzi vingine, vile vya zamani na vinavyotumika sana, huishia *-en* na mara nyingi hubadili irabu: *schreiben* (kuandika) huwa *geschrieben*, *sprechen* (kusema) huwa *gesprochen*. Hivyo hukaririwa kama tulivyokariri jedwali la kuzidisha.

Mwanafunzi akishika hapo hufurahi. Anajiambia: wakati uliopita ni *ge-*. Kisha anaipachika *ge-* kila mahali, kama mpishi mgeni anayedhani kila chakula cha pwani lazima kitiwe nazi. Shida huanza kitenzi kinapokuwa na kiambishi chake tangu awali.

Viambishi vinavyobanduka na visivyobanduka

Kiswahili hugeuza maana ya kitenzi kwa kuongeza kitu nyuma: andika, andikia, andikisha. Kijerumani huongeza mbele. Tazama *schreiben* peke yake inavyozaa watoto:

*aufschreiben*, kuandika jambo lisisahaulike
*abschreiben*, kunakili
*einschreiben*, kuandikisha
*beschreiben*, kueleza kitu kilivyo
*verschreiben*, kuandikia mgonjwa dawa
*unterschreiben*, kutia saini

Watoto hawa wana tabia mbili tofauti. Viambishi vya baadhi yao hubanduka. Ukisema "naandika namba hii", utasema *Ich schreibe die Nummer auf*: ile *auf* imebanduka mbele ya kitenzi ikaenda kukaa mwisho wa sentensi. Viambishi vya wengine vimeganda: *Der Arzt verschreibt ein Medikament*, daktari anaandika dawa. *Ver-* haitoki ilipo hata kwa nyundo.

Sasa shika kanuni mbili.

Kiambishi kikibanduka, *ge-* huingia katikati, baina ya kiambishi na mzizi, na yote huandikwa neno moja: *aufgeschrieben, abgeschrieben, eingeschrieben*.

Kiambishi kikiganda, *ge-* haiji kabisa: *beschrieben, verschrieben, unterschrieben*.

Vilivyoganda daima ni vinane tu, na vinakaririka kwa siku moja: *be-, emp-, ent-, er-, ge-, miss-, ver-, zer-*. Vinavyobanduka ni vingi zaidi, lakini vingi ni vineno vya kawaida ambavyo mtu hukutana navyo peke yake: *ab, an, auf, aus, ein, mit, nach, vor, zu, zurück*. Kikundi kidogo kimebaki kati kwa kati, na hicho nitakirudia.

Kwa hiyo *verstehen* (kuelewa) ni *verstanden*, si *geverstanden*. *Aufstehen* (kuamka, kuinuka) ni *aufgestanden*, si *geaufsteht*. Na *bestehen*, kufaulu, ni *bestanden*.

Siri iko katika mkazo

Mpwa wangu akaniuliza swali la mtu mwenye akili: "Lakini mjomba, kwa nini? Nani aliamua *be-* ikatae *ge-* na *auf-* ikubali?"

Jibu ni mkazo, yaani ile silabi tunayoitia nguvu tunapotamka. *Ge-* hupenda kukaa mbele ya silabi yenye mkazo. Katika *lernen* mkazo uko mwanzo, *LER-nen*, basi *ge-* inakuja: *geLERNT*. Katika *verstehen* mkazo hauko mwanzo, uko kwenye mzizi: *ver-STE-hen*. Mwanzo tayari pana silabi nyepesi isiyo na mkazo, na Mjerumani hataki kurundika silabi nyepesi mbili mbele ya nzito. Kwa hiyo *ge-* inaachwa.

Ndiyo sababu vitenzi vinavyoishia *-ieren* navyo havichukui *ge-*, ingawa havina kiambishi chochote. *Telefonieren, studieren, operieren*: mkazo wote uko huko nyuma, kwenye *-ie-*. Basi ni *telefoniert, studiert, operiert*. Kanuni mbili ambazo vitabu hufundisha mbalimbali ni kanuni moja ukiisikiliza kwa sikio.

Ukiona ajabu, tazama Kiswahili chako. Twasema "amesoma", lakini hatusemi "amela", twasema "amekula". Hiyo *ku* imetoka wapi? Mkazo wetu hukaa silabi ya pili kutoka mwisho. Katika "amela" mkazo ungeangukia *-me-*, na *-me-* haiwezi kubeba mkazo. Basi tunaingiza *ku* ibebe mzigo. Lakini "hajala" haihitaji *ku*, kwa sababu *-ja-* inaweza kubeba. "Akila" pia haihitaji, *-ki-* inaweza. Na ukitaja kitu chenyewe, "amekila", ile *ku* inaondoka kwa sababu *-ki-* ya chakula imeshika nafasi yake. Hakuna mama yeyote wa Majengo aliyemfundisha mwanawe kanuni hii, na hakuna mtoto anayekosea. *Ge-* ya Mjerumani ni ndugu wa *ku* yetu kwa tabia: silabi inayokuja au kuondoka kwa amri ya mkazo.

Neno moja, safari mbili

Hapa ndipo panaponoga. Vipo viambishi ambavyo huganda katika neno moja na kubanduka katika jengine: *durch, über, um, unter, wieder* na vichache vinginevyo. Hapo mkazo ndio hakimu, na sisi tunao mfano wake nyumbani. Sema "barabara" ukitia nguvu kwenye *BA* ya tatu, *baraBAra*, unataja njia ya magari. Sema *baRAbara*, unasema sawasawa kabisa. Maandishi ni yale yale, maana mbili.

Sasa chukua *übersetzen*. Ukiitia nguvu kwenye mzizi, *überSETzen*, maana yake ni kutafsiri, na *über* imeganda: *Ich habe den Brief übersetzt*, nimeitafsiri barua. Ukiitia nguvu mwanzo, *ÜBERsetzen*, maana yake ni kuvusha watu maji, na *über* inabanduka: *Die Fähre hat uns übergesetzt*, feri imetuvusha. Mtu wa Likoni ana haki ya kuijua tofauti hiyo kuliko Mjerumani wa milimani. Akiandika *Die Fähre hat uns übersetzt*, amesema feri imewatafsiri.

Mfano wa pili ni wa barabarani. *Umfahren* yenye mkazo kwenye mzizi ni kukizunguka kitu kwa gari usikiguse: *Er hat den Mann umfahren*, amempita yule mtu kwa pembeni. Yenye mkazo mwanzo ni kumgonga ukamwangusha: *Er hat den Mann umgefahren*. Tofauti ya aliyesalimika na aliyegongwa ni *ge* moja. Kama wewe ni dereva wa trela na ndoto yako ni barabara za Ujerumani, usilipitie neno hilo juu juu.

Na wa tatu ni wa mpwa wangu mwenyewe: *wiederholen*. Kwa maana ya kurudia jambo, *wieder* imeganda: *Ich habe die Prüfung wiederholt*, nimeurudia mtihani. Kwa maana ya kwenda kukichukua kitu na kukirudisha, inabanduka: *wiedergeholt*.

Wodini hakuna mzaha

Mtu atasema haya ni mambo ya walimu, mgonjwa hajali sarufi. Mgonjwa hajali, lakini dawa zake zinajali. Muuguzi hupokea zamu kwa maneno na kwa maandishi, na karibu kila anachoambiwa wakati huo kiko katika umbo timilifu, kwa sababu ni habari za yaliyotendeka. Tazama mzizi mmoja, *setzen*, kuweka:

*Der Arzt hat das Medikament angesetzt*: daktari ameianzisha dawa.
*Der Arzt hat das Medikament abgesetzt*: daktari ameisimamisha dawa.
*Der Arzt hat das Medikament ersetzt*: daktari ameiondoa dawa na kuweka nyengine badala yake.

Ni sentensi ile ile, dawa ile ile, daktari yule yule. Kilichobadilika ni silabi ya mwanzo ya neno la mwisho. Mtu aliyezoea kudaka mzizi na kupuuza kiambishi atasikia "daktari ameweka dawa" mara tatu, na mara mbili kati ya hizo atakuwa amefahamu vibaya.

Mzizi *stehen*, kusimama, nao ni hivyo hivyo. *Die Patientin ist aufgestanden*: mgonjwa ameinuka kitandani. *Die Patientin hat verstanden*: mgonjwa ameelewa. *Eine Wunde ist entstanden*: kidonda kimetokea. Hata msaidizi hubadilika, *ist* hapa na *hat* pale, kwa sababu kiambishi kimebadili maana na msaidizi hufuata maana. Kitenzi cha kuhama mahali au kubadilika hali huchukua *sein*, vingine vingi huchukua *haben*. Kwa hiyo usikariri umbo timilifu peke yake. Likariri pamoja na msaidizi wake, kama unavyokariri nomino na ngeli yake.

Mitego mitatu kabla hujafunga daftari

Mtego wa kwanza ni vitenzi vinavyoanza na *ge-* tangu kuzaliwa. *Gehören*, kuwa mali ya mtu, huwa *gehört*. Na *hören*, kusikia, nayo huwa *gehört*. *Gefallen*, kupendeza, huwa *gefallen*. *Fallen*, kuanguka, nayo *gefallen*. Utazitofautisha kwa msaidizi na kwa maneno ya jirani: *Das Kind ist gefallen*, mtoto ameanguka, *Das Haus hat mir gefallen*, nyumba imenipendeza.

Mtego wa pili ni kitenzi chenye viambishi viwili. Mfano bora ni neno ambalo kila muuguzi wetu hulala nalo: *anerkennen*, kutambua rasmi, kama cheti kinavyotambuliwa. Ndani yake mna *an-* inayobanduka na *er-* iliyoganda. Fanya hivi: weka pembeni kile kinachobanduka, kisha uulize kilichobaki kinataka nini. Kilichobaki ni *erkennen*, na *er-* haitaki *ge-*. Basi ni *anerkannt*. Ndivyo pia *vorbereiten*, kuandaa: toa *vor-*, inabaki *bereiten* yenye *be-*. Jibu ni *vorbereitet*. Ukiandika *angeerkannt* kwenye barua ya kuulizia cheti chako, anayeisoma ataelewa, lakini atakuwa amekwisha kukukadiria.

Mtego wa tatu ni wa sikio letu. Kwa kuwa mkazo wa Kiswahili karibu kila mara ni wa silabi ya pili kutoka mwisho, tunauhamishia Kijerumani bila kujua, tunasema *aufSTEhen* badala ya *AUFstehen*. Ukitamka vibaya, sikio lako haliwezi tena kukuonya wapi *ge-* inakaa. Kwa hiyo soma kwa sauti. Nimemwambia mpwa wangu apige meza kwa kidole kwenye silabi nzito, kama mtu anayejifunza ngoma. Ndugu zake wakicheka, wacheke.

Kuhusu wauza kozi

Neno moja kwa wazazi. Mpwa wangu alianza kwa watu waliomuahidi B1 kwa wiki chache na kazi juu yake. Walimpa orodha ya sentensi za kukariri, wakachukua pesa, na hakuna aliyemweleza habari ya kiambishi wala mkazo. Sentensi za kukariri zinakuvusha A1, labda na A2. Ikifika barua ambayo ni lazima uitunge mwenyewe, akiba inakwisha. Kabla ya kulipa, mwombe mwalimu akueleze kwa nini ni *verstanden* lakini ni *aufgestanden*. Akikujibu "ndivyo ilivyo, kariri tu", shika mkoba wako utoke.

Jumapili iliyopita mpwa wangu alipiga tena. Ana daftari jipya, kurasa za kushoto ni vilivyoganda, za kulia ni vinavyobanduka, na amepiga mstari mwekundu chini ya kila silabi nzito. Tarehe ya kurudia imekaribia.

"Mjomba, nimegundua kitu," akaniambia. "Kufaulu ni *bestehen*, umbo lake *bestanden*, halina *ge*. Kuanguka mtihani ni *durchfallen*, *durchgefallen*, *ge* iko katikati."

"Sasa?"

"Sasa mara ya kwanza niliandika *gebestanden*. Niliitia *ge* ya kuanguka ndani ya kufaulu. Ndiyo maana."

Tulicheka sana, na mama yake akaja kuuliza kuna nini. Insha Allah safari hii atatuma neno moja tu kwenye simu, nami nitahesabu silabi zake.